Niliomba Rehema Akwame Mbele ya Kamera

Bwana asifiwe, kuanzia viti vya mbele mpaka kule nyuma mlikotundika makoti!

Ndugu zangu, wengi hapa mnanijua kama dada anayelea wazee kwenye nyumba ya wazee kule Richfield. Hamjui kwamba Dar nilikuwa ripota wa televisheni. Nilianzia redioni, nikapanda mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na nikipita sokoni wauza nyanya waliniita kwa jina. Ripota mpya akija, aliletwa kwangu nimfundishe kusimama mbele ya kamera. Mmoja wao alikuwa Rehema. Yule pale, safu ya tatu, anainamisha kichwa.

Nilipofika hapa Minnesota, Marekani, nilipeleka kanda za kazi zangu kila kituo cha televisheni. Walinisifu, kisha wakaniambia lafudhi yangu ni nzito. Nikaenda kuvaa glavu za kuoshea wazee. Rehema akaja baada yangu, akasoma chuo hapa, na kituo kimoja cha hapa hapa kikamwajiri. Ndugu zangu, wivu si mchezo! Ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alinipigia simu, sikupokea. Mchungaji aliponiomba nisome matangazo ya kanisa, nilikataa. Mimi wa taarifa ya habari, nitangaze zamu ya kupika chai?

Kila jioni kazini ilinibidi nimtazame, maana bibi mmoja ninayemhudumia hataki chaneli nyingine. Akimwona Rehema huniambia, "Huyu binti wa kwenu anajua kazi." Nami namlisha supu huku natabasamu, moyoni naomba: Bwana, leo akwame, na wote wamwone. Niliomba hivyo kwa imani kabisa!

Basi siku ya ile theluji mbaya, Rehema alikuwa laivu kutoka mji wa Burnsville, magari yameteleza nyuma yake. Ghafla akanyamaza. Akashika kile kifaa cha sikioni, macho yakamtoka, midomo wazi, neno hakuna. Nilifurahi. Sitawadanganya, ndugu zangu, nilifurahi. Kisha nikaona ameibana maikrofoni kifuani, vilevile kama siku ya kwanza nilipomkabidhi. Nikajikuta nimesimama na kijiko mkononi, naifokea televisheni kwa Kiswahili: "Sema uko wapi! Sema unaona nini!" Ndivyo nilivyowafundisha maripota wangu wote kufanya wakipotewa na maneno.

Na Rehema akasema. Akasema yuko Burnsville, kando ya barabara kuu, anaona lori limelala ubavu, anaona dereva ametoka anatembea mwenyewe. Akaendelea vizuri mpaka mwisho. Nililia mbele ya yule bibi mpaka supu ikapoa, na ule mwiba ukatoka.

Nilipomaliza shifti nikampigia simu mimi mwenyewe. Kabla sijasema lolote akaniambia, "Dada, pale nilipokwama, nilikusikia."

Mshukuruni Mungu pamoja nami! Na wewe unayeungua kwa sababu ya mwenzako, usimpambie Mungu maneno. Mwambie uko wapi, mwambie unaona nini, naye ataanzia hapo hapo. Mimi niko Columbia Heights, hapa kanisani, mbele yenu. Namwona Rehema, na siungui. Mchungaji, nipe hayo matangazo niyasome.