Shangazi Ibse wa Redio ya Kalacha

Tarehe 30 Aprili mwaka huu, Bi Ibse Katelo anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Nagaya kwa miaka ishirini na tisa. Muda wote huo amekuwa mwendeshaji wa redio yetu ya mawasiliano hapa Kalacha, katika chumba kilekile cha mabati, kwenye kiti ambacho hakuruhusu mwingine akikalie, isipokuwa mara moja nitakayoieleza. Wengi wenu mmemjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Wageni wanaofika mara ya kwanza na kumkuta ni mwanamke mfupi, mwembamba, huchungulia nyuma yake wakimtafuta mwenye ile sauti.

Hakuandika maombi ya kazi wala hakuitwa kwenye mahojiano. Alikuwa akiuza chai kando ya ukuta wa ofisi wakati wafadhili walipoleta redio, pamoja na kijana kutoka Nairobi wa kuiendesha. Upepo wa Kalacha haukumpenda kijana yule. Siku moja akashikwa na homa akajilaza, redio ikaita asubuhi nzima bila wa kuijibu, mpaka Ibse akachoshwa na kelele. Akaingia, akabonyeza pale alipokuwa akimwona kijana akibonyeza.

"Kalacha hapa. Nani anapiga makelele?"

Waliokuwa wakiita kutoka Marsabit wakashtuka, wakauliza anayezungumza ni nani.

"Ni mimi Ibse wa chai. Kijana wenu ana homa. Kama mna neno semeni upesi, maziwa yangu yako motoni. Ova."

Kijana alipopata nafuu aliomba kurudi kwao, na hakuna aliyejisumbua kutafuta mwingine. Chai iliendelea kuuzwa, ila sasa ilikuwa ikiuzwa dirishani.

Kwetu sisi Wagabra huwezi kumrukia mtu na habari kabla hamjaulizana amani, na Ibse hakuona kwa nini redio iwe na adabu tofauti. Kila asubuhi aliita Forolle, Turbi, Balesa, Dukana na North Horr, na kila kituo alikiuliza: Mna amani? Watoto wana amani? Mbuzi je? Ngamia je? Kisima kina maji? Vituo vingine vilisubiri zamu yao vikisikiliza, na ndivyo ardhi yote hii ilivyojua nani amejifungua, nani amehama na wapi nyasi zimekwisha. Wakati mwingine ilijua zaidi ya inavyostahili. Kuna posa moja aliyoitangaza hewani kwa furaha kabla baba wa msichana hajapelekewa habari, na ilimbidi aende mwenyewe kwa mguu hadi kwenye boma la mzee huyo kuomba radhi. Posa ilikubaliwa. Mzee alisema aliona aibu kukataa jambo ambalo Dukana nzima imekwisha kulipigia vigelegele.

Kisha akaja Ainea Musundi. Alikuwa afisa kijana wa shirika la kigeni la misaada lililokuwa mshirika wetu, mzaliwa wa Kakamega, ambako mvua ni jambo la kila alasiri. Alisikiliza salamu za asubuhi za siku yake ya kwanza mpaka mwisho, akatazama saa yake.

"Shangazi," akasema, "redio ni ya kazi. Betri itatuishia tukiulizia mbuzi mmoja mmoja."

"Na wewe mwanangu, hicho chakula unachotuletea ni cha nani? Si cha hao mbuzi?"

Musundi alicheka, lakini alitoa agizo: salamu iwe neno moja. Ibse akatii kwa namna yake. Alitamka neno moja, akalivuta kwa urefu wa kutosha kuingiza ukoo mzima.

Niseme ukweli kidogo hapa. Ushirikiano wetu na wafadhili enzi hizo ulikuwa na jina zuri kuliko sura. Mambo yalipangwa Nairobi, au mbali zaidi: kitu gani kije, kije lini, kishushwe wapi. Sisi wa Nagaya tulijulishwa malori yakiwa njiani, na kazi yetu ilikuwa kupakua. Katika ule ukame mkubwa tuliomba nyasi za mifugo mapema, wakati mbuzi bado wanatembea. Tuliambiwa ombi linashughulikiwa. Liliposhughulikiwa, mizoga ilikuwa imekwisha kujaa kandokando ya visima, na malori manne ya marobota ya nyasi yaliondoka Maikona kuelekea kwetu siku ileile mawingu yalipokusanyika.

Kila mtu hapa anajua Chalbi inavyokuwa ikinyeshewa. Malori yalizama katikati ya ule uwanda wa chumvi, nusu siku kwa miguu kutoka Kalacha. Musundi alikuwa mbele yao katika gari dogo lenye redio.

"Kalacha, Kalacha, huyu ni Musundi. Tumekwama. Malori yote. Maji yamefika kwenye mlango. Ova."

"Umeumia? Madereva wana amani? Ova."

"Tuko salama. Ova."

"Sasa unalia nini? Si kwenu hunyesha kila siku? Ogelea. Ova."

Tulisikia madereva wakiangua kicheko nyuma yake. Lakini Ibse alipokiweka chini kile kidude cha kuzungumzia, uso wake haukuwa na kicheko. Mimi ndiye niliyekuwa nikishughulikia tiba ya mifugo, na nilikuwa nimetoka mabomani. Mbuzi walioupita ukame wote ule kwa kutafuna vijiti walikuwa wakianguka kwa baridi ya mvua. Mnyama mwenye tumbo tupu na mgongo uliolowa hafiki asubuhi. Mvua tuliyoiomba ndiyo iliyoanza kutuulia mbuzi, na nyasi za kuwapa joto tumboni zilikuwa zimelala kwenye matope, karibu tuzione kwa macho. Gari la kuyavuta malori lisingeweza kufika kutoka Marsabit.

Ibse akajifunika shuka, akaenda moja kwa moja walikokutana wazee. Alitaka ngamia wa mizigo. Mzee Tullu Abudo, msemaji wao, alimkatalia, tena kwa sababu nzito.

"Ngamia akiteleza kwenye tope, miguu inatanuka, haamki tena," alisema. "Tuliobakiwa nao ni hawa tu wa kubeba nyumba. Wakifa hawa, tutahama na mikeka kichwani?"

"Unasema kweli, mzee wangu," Ibse akajibu. "Ngamia wasikanyage tope. Wabaki kwenye mchanga. Kwenye tope tutaingia sisi."

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi tunaowafunga mizigo hao ngamia tangu tukiwa wasichana. Au na wewe siku hizi unajua kufunga kamba?"

Wazee walipasuka kwa kicheko. Mzee Tullu aliwahi kufunga nyumba juu ya ngamia siku mkewe alipojifungua, na vipande vya nyumba hiyo viliokotwa njia nzima. Mwenyewe alijaribu kununa, akashindwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sasa, ni ngamia wa nani atakayetangulia, kwa kuwa hakuna atakayetaka wake awe wa kwanza.

"Wangu," Ibse akasema.

Alikuwa na mmoja tu wa mizigo, dume jekundu ambalo lilibeba nyumba yake kila walipohama. Alilitoa kwanza, akaanza kulifunga kamba mbele ya macho yao. Wanawake wakaanza kutoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akivuta ngamia, na waume zao wakiwafuata wakinung'unika kuwa wanakwenda kuwaangalia ngamia tu, si kitu kingine.

Hiyo ndiyo mara moja niliyokalia kile kiti. Kabla ya kuondoka alinielekeza: "Mwongeleshe Musundi asipate woga. Lakini usiseme sana, sauti huna."

Nilifanya nilivyoweza. Kijana alikuwa amepitisha usiku ndani ya gari lililozungukwa na maji, na alikuwa amechoka kuwa jasiri.

"Shangazi yuko wapi?" akauliza. "Ova."

Nikamwambia yuko njiani anakuja. Akasema, "Basi niulize wewe. Zile salamu. Zote."

Nikamuuliza. Mna amani? Watoto wana amani? Akasema hana watoto, lakini niendelee. Nikamuuliza mama yake, nikaulizia ng'ombe wa mama yake huko Kakamega, akanitajia kila mmoja kwa jina na tabia yake. Tulikuwa tumefika kwenye ndama mmoja mtundu alipokatiza akipiga kelele kwamba anaona ngamia, ngamia wengi, wamejipanga kwenye ukingo wa mchanga, na wanawake wanaingia majini.

Waliyabeba marobota migongoni, tope likiwafika magotini, kutoka kwenye malori hadi mchangani. Madereva waliwapokeza kutoka juu. Musundi aliposhuka kusaidia, viatu vyake vilibaki kwenye tope na mpaka leo viko huko. Alitembea peku kama wengine, na wanawake walimtania kwamba sasa ndiyo kwanza anafanana na mtu.

Walipokuwa wakirudi na mzigo wa kwanza, mchanga ulimomonyoka penye korongo dogo, na lile dume jekundu likaanguka. Mguu ulivunjika. Hapakuwa na la kufanya ila kulichinja palepale. Ibse alilishika shingo mpaka mwisho. Kisha akafungua marobota, akayagawa kwa ngamia wengine. Moja likabaki halina wa kulibeba. Akamtazama Musundi.

"Wewe kijana. Geuka."

Akamfunga robota mgongoni kwa fundo lilelile la ngamia, na Musundi akalifikisha Kalacha bila kulitua.

Siku zilizofuata walirudi tena na tena mpaka malori yakawa matupu. Sitaandika uongo kwa sababu leo ni sherehe: tulipoteza mbuzi wengi sana. Lakini wale waliokula usiku ule mzigo wa kwanza ulipofika walisimama, na sehemu kubwa ya mbuzi mnaowaona leo kuzunguka Kalacha ni wajukuu wao. Asubuhi yake Ibse alikuwa kitini mwake akiita vituo. Forolle wakamuuliza kama kawaida. Watoto wana amani? Wana amani. Mbuzi je? Waliobaki wana amani. Ngamia je? Hapo alinyamaza, na Forolle wakangoja. Hakuna kituo kilichoingilia. Kisha akasema ngamia wana amani, akaita Turbi.

Muda wa kutia sahihi mkataba mpya ulipofika, Musundi aliwaleta wakubwa wake Kalacha badala ya kutuita sisi hotelini. Ibse hakuwa amealikwa kwenye kikao, ila chumba cha redio kimetenganishwa na ukumbi kwa bati moja tu, na alichangia akiwa kulekule.

"Miaka yote mnatuita washirika," sauti ikapenya. "Mshirika gani huyo anayeamshwa asubuhi kuambiwa pakua? Huyo ni kuli!"

Mkubwa mmoja akauliza nani anazungumza. Musundi akajibu kwamba huyo ndiye mshirika, akaenda kumfungulia mlango. Majadiliano yalikuwa marefu na si yote yalikuwa ya upole, lakini tangu mkataba ule nyasi hununuliwa wakati kuna nyasi, huwekwa katika maghala yetu wenyewe, na wanaoamua zifunguliwe lini ni Nagaya pamoja na wafugaji. Ukame uliofuata ulitukuta maghala yamejaa. Wafadhili wengine wamekuja tangu hapo, na kila mmoja huonyeshwa kwanza mkataba ule, kisha huonyeshwa Ibse.

Musundi leo ni mkubwa mwenyewe, Kisumu. Kila gari linalotoka huko huja na mkungu wa ndizi wenye jina la Shangazi. Mkungu wa kwanza Ibse aliupika akidhani ni viazi vya aina fulani, akamtumia salamu kwamba chakula cha kwao ni kizuri ila ngozi yake ni ngumu.

Amewafundisha kazi wasichana watano, na wote wako vituoni sasa. Alikuwa mkali kwao. Aliyeita kituo bila kusalimia aliondolewa mezani akachemshe chai. Simu za mkononi zilipofika, wengi tulidhani redio itafungwa. Ibse alinunua simu mapema kuliko sisi wote na akaipenda sana, lakini hakuacha kutukumbusha kwamba mtandao wa simu huishia mlimani na ngamia hawaishii huko. Chaltu Guyo, mmoja wa hao watano, ndiye anayechukua nafasi yake. Chaltu ameomba hadharani, na mimi naliandika ombi lake hapa, kwamba Shangazi asipige simu kila asubuhi kumsahihisha. Hakuna anayeamini litakubaliwa.

Mtakaposoma wasifu huu huenda kiti cha mbele kikawa kitupu. Msishangae. Wiki iliyopita mvua nzuri ilinyesha milima ya Hurri, ngamia wa bintiye wamezaa, na Ibse ametuambia waziwazi kwamba hawezi kukosa maziwa mapya kwa ajili ya hotuba. Amepakia mikeka yake na kuondoka. Alipofika mlangoni aligeuka akaagiza: "Semeni mazuri tu. Mabaya nitayasikia hata nikiwa Hurri."

Basi tumesema mazuri, na hatukulazimika kutafuta. Ahsante, Shangazi Ibse, kwa niaba ya Nagaya, ya washirika wetu, na ya maboma yote yaliyoamka na sauti yako. Vibuyu vyako vijae, nyumba yako isimame penye nyasi, na wajukuu wakuache uzungumze mpaka umalize. Kaa kwa amani, wewe na watoto, na mbuzi, na ngamia wako wote.

Duba Yatani
Idara ya Mifugo, kwa niaba ya wafanyakazi wa Nagaya