Tangi la Scolastica

Kijiwe chetu cha Makanyagio ni ubao mmoja mrefu mbele ya kibanda cha kinyozi, na kila anayeukalia anaamini dunia inakwenda kombo kwa sababu haikumuuliza yeye. Jumamosi iliyopita Callixte, kinyozi mwenyewe, alifunga kazi mapema akatoa nje tangi la kioo la mchumba wake. Scolastica alikwenda Sumbawanga wiki mbili, akamwachia samaki wanne na majani yaliyopandwa humo humo majini. Samaki wazima, wako kwenye ndoo. Majani yameoza yote. Na siku anaondoka kijiwe kizima tulimsikia: "Ukishindwa kutunza majani, posa usilete." Sasa alikuwa amepiga simu, basi limefika Sitalike, karibu kabisa na kwetu.

— Udongo wa zamani nimemwaga, ulikuwa unanuka, alisema Callixte. Miche mipya ninayo. Yeye huwa anaweka udongo kidogo, juu yake mchanga. Sasa kidogo ni kiasi gani?

Aliyejibu ni Jaruba. Tunamwita hivyo kwa sababu analima majaruba ya mpunga kule Mamba, na hutembea na kiroba cha tope la shambani kwake ili watu waamini.

— Kidogo ni maneno ya watu wasiolima. Mpunga wangu unasimama kwenye tope la magotini.

— Kaka, tangi lenyewe linaishia gotini.

— Basi jaza.

Akamimina nusu kiroba. Tofali, mzee anayefyatua matofali Misunkumilo, alichukua kidogo akaonja, akatema.

— Hili litachafua maji. Lifunike na udongo wa kichuguu. Nyumba ya mchwa umewahi kuona inavuja?

— Lakini hiki ni kioo, mzee wangu. Hakivuji.

— Hakijavuja bado.

Kichuguu kikaingia. Doto, muuza kahawa, akaleta machicha ya kahawa yake.

— Weka na haya. Samaki hafumbi macho usiku kucha. Maana yake kuna mahali anakunywa kahawa. Bora anywe ya kwetu.

Mimi nami sikutaka kuonekana sijui kitu. Nilisema bila samadi ni kazi bure, nikaenda kuileta, na kokoto za kumalizia juu. Niliporudi nilikuta mgogoro wa mpaka.

— Kichuguu chako kimeingia kwangu, Jaruba alikuwa anasema, kidole kwenye kioo. Kinaonekana hapa.

— Tope lako ndilo limepanda.

— Tuite mwenyekiti wa mtaa.

— Wazee wangu, mtu yuko njiani, alisema Callixte. Nilimwonea huruma kweli. Nikamwaga samadi, yeye akamwaga mchanga, nikamalizia kokoto. Jaruba alivuta kamba, tukapanda miche kwa mstari kama watu waliopata semina. Likapendeza, sitasema uongo. Callixte alisogea nyuma, akafuta macho kwa taulo la kunyolea.

Bodaboda ikasimama. Scolastica alishuka na begi lake, akatusalimia wote, akainama kwenye tangi.

— Miche imesimama vizuri, alisema.

Callixte akashusha pumzi. Jaruba alianza kueleza mchango wake. Scolastica alipitisha kiganja juu ya kokoto, kikateleza hadi ukingo wa pili bila kuzama popote.

— Na maji yatakaa wapi?

Jaruba akamwangalia Tofali. Tofali akamwangalia Doto. Doto alisema kahawa imeisha, wakati hakuna aliyeomba.

— Tulikuwa tunaelekea huko, alisema Callixte. Scola, niambie mbele yao. Posa nisilete?

Scolastica alikaa kwenye ubao, mahali pa Jaruba, akaweka ndoo ya samaki kati ya miguu yake.

— Anza kuchota. Posa nitakujibu nikiona nafasi ya samaki hawa.

Callixte alipiga magoti, akaanza na kokoto zangu.