Saini ya Msibani

OPERETA: Zahanati ya Kilole? Simu yenu kutoka Mkata. Ongeeni.

MHINA: Haloo? Nimeitwa mbio kutoka msibani. Nani mwenzangu?

ISAKA: Isaka.

MHINA: Isaka! Mnafika saa ngapi? Wali uko tayari, majamvi tumesha—

ISAKA: Bado tuko Mkata, Kepteni.

MHINA: Mbona hunisalimii? Siku zote shikamoo yako hutangulia.

ISAKA: Leo sina.

[Simu inakwaruza.]

MHINA: Sikusikii, mdogo wangu—

ISAKA: Nimesema leo sina! Tumesimama kituo cha mafuta, marubani ishirini na sita kwenye basi la kukodi, tunakuja kukupa pole ya mama. Redio ya mwenye pampu ikasoma habari za saa saba. Marubani wamekubali mkataba mpya, mwenyekiti wao Kepteni Mbaruku Mhina ametia saini. Kweli au uongo?

MHINA: Hili si la kuzungumza kwenye—

ISAKA: Kweli au uongo!

MHINA: Kweli.

ISAKA: Nusu mshahara?

MHINA: Ndege nne zimeegeshwa, Isaka. Abiria hakuna, mafuta hayashikiki. Ulitaka shirika life?

ISAKA: Hayo tuliyajua siku tuliyokula kiapo Dar! Nani alisema hakuna wa kusaini peke yake? Si wewe? Na wale kumi na wawili walioajiriwa mwisho?

MHINA: Mdogo wangu—

ISAKA: Nakuuliza, Kepteni!

MHINA: Wanaondoka mwisho wa mwezi.

ISAKA: Na mimi ni mmoja wao.

MHINA: Nisikilize kwanza. Meneja alikuja mwenyewe. Kalala nasi kwenye jamvi siku mbili. Kabeba jeneza mpaka makaburini, kila aliyetaka kumpokea alimkatalia. Tulipotoka kuzika akatoa karatasi mbele ya wazee. Mjomba akaniambia, huyu kambeba dada yangu begani, utamnyima nini? Ningefanyaje? Nimfukuze msibani?

ISAKA: Ungemwambia asubiri arobaini ipite.

MHINA: Mbele ya mjomba?

ISAKA: Mjomba wako anarusha ndege?

MHINA: Chunga mdomo wako! Huyo ndiye baba niliyebaki naye.

ISAKA: Na mimi nina mke na watoto watatu nyumba ya shirika! Nikawaambie nini, mjomba wa Kepteni ameamua?

[Mkwaruzo.]

MHINA: —nitaongea na meneja. Nitakuombea.

ISAKA: Usiniombee. Niambie kitu kimoja tu. Mkataba wako wewe ni wa miaka mingapi?

MHINA: Hilo halihusiani na—

ISAKA: Mingapi?

MHINA: Mitano.

ISAKA: Na hiyo nayo aliisema mjomba?

MHINA: Isaka, sikiliza—

ISAKA: Haya. Nimeelewa.

MHINA: Njooni basi mnitukane usoni. Dada zangu wamepika tangu alfajiri, chakula cha watu thelathini. Kwa ajili ya mama, Isaka. Ulivyokuwa ukija likizo alikuita mwanangu, mimi hata chai alisahau kunipa.

ISAKA: Usimtumie mama! Mama nitamlilia hapa hapa, kando ya pampu. Kwako siji.

MHINA: Na wenzako?

ISAKA: Wameshapanda. Dereva anageuza basi.

MHINA: Mtageuka mniache peke yangu na msiba? Watu wa Kilole watasema nini?

ISAKA: Waambie ukweli. Na siku yako ikifika, meneja akubebe.

MHINA: Unaniapiza? Mimi niliyekufundisha kushika usukani wa—

OPERETA: Mkata, dakika tatu zimekwisha. Niongeze?

MHINA: Ongeza, dada! Isaka, mwambie dereva asubiri—

ISAKA: Usiongeze.

MHINA: Isaka! Hata pole hujanipa!

[Mlio.]

MHINA: Isaka?

OPERETA: Kilole, mwenzako ameshaweka simu chini.