Aliyekuwa na Sababu ya Kila Jambo

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutufuta machozi, familia imenituma mimi mdogo wake niwasimulie habari za kaka yetu kama alivyokuwa, kwani mwenyewe hakupenda mtu apakwe mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa watoto watano, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, ambako mwalimu wa hesabu alizoea kumtoa nje kwa kosa la kumweleza mwalimu alikokosea.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye tanuri la mikate la sokoni, akaanza kwa kukanda unga, akapanda hadi kuwa mwokaji mkuu, akastaafu tarehe 30 Juni 2014, na huko ndiko alikopewa jina la Mzee Sababu, maana unga ukigoma kuumuka, wenzake walilaumu hamira, yeye akasema kuna wawili humu hawasalimiani, na tanuri haliwashwi mpaka wapeane mikono.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, ambaye hadi leo anakumbuka kwamba mvua ilipowanyeshea siku ya harusi, bwana harusi alieleza kwanza sababu ya mvua ndipo akafungua mwavuli, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu sita.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa wanaotembelea wagonjwa, na kwa upendo hakuna aliyemfikia, lakini tuseme ukweli, mkate wake wa moto ulikuja na maelezo, aliyevunjika mguu aliambiwa ni kwa kutokwenda kumwona mama yake, mwenye presha aliambiwa ana kinyongo, na jirani yetu mshonaji, alipofiwa na mwanawe wa pekee kwa homa mwaka 2009, aliambiwa aichunguze nyumba yake, huenda kuna jambo halijaungamwa.

Mwezi Februari 2022 kaka alianza kuvimba miguu, na tarehe 3 Machi madaktari wakasema figo zimechoka, aanze kusafishwa damu bila kuchelewa, naye akakataa, si kwa kuwadharau, bali aliamini tiba haitashika mpaka aipate dhambi iliyomletea maradhi, basi akauzunguka mtaa akiomba msamaha, kwa muuza mkaa, kwa fundi baiskeli, hata kwenye kaburi la mzee ambaye kaka alimwibia mapera utotoni, huku shemeji akimbembeleza kila asubuhi, mfuko wa hospitali ukiwa tayari mlangoni, na uso wa mumewe ukizidi kujaa.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa yule mshonaji, ambaye alimkaribisha, akamtilia chai, akamwambia kwamba alikwisha kumsamehe, ila kama kweli figo zake zimeharibiwa na dhambi, basi na mtoto aliuawa na dhambi za mama yake, kwa hiyo, akamwambia, siku utakayoipata dhambi yako, utakuwa umenihukumu mimi mara ya pili. Kaka alilia pale pale kando ya cherehani, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe auchukue mfuko, waende.

Alitibiwa kwa miaka miwili, na siku alizopata nguvu aliwatembelea wagonjwa wenzake, akawakata kucha, akawasikiliza, akasali nao kuliko zamani, maelezo akayaacha nyumbani.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, shemeji alishindwa kuvumilia, akamuuliza kwa nini yeye, aliyemtumikia Mungu hivi, nasi tuliokuwa wodini tukajiweka sawa, maana tulimjua mtu wetu, lakini kaka alimtazama mkewe kwa upole, akasema hajui, kisha akamwomba asogee, amshike mkono, wasali hivyo hivyo wasivyojua, akafariki saa sita mchana mkono ukiwa bado umeshikwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani, waumini, wenzake wa tanuri walioleta mikate ya msiba huu, na dada mshonaji aliyeshika zamu pamoja na shemeji wodini. Tunawaomba pia, mkija kutupa pole, msituambie kwa nini, njooni tu mkae nasi.

Kaka, pumzika kwa amani, shemeji hatutamwacha peke yake.