Kipande cha Elfu Moja na Tisa

Kwenye treni, muuguzi alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake, mshonaji alikuwa akimweleza mwalimu wa hesabu aliyekutana naye humo humo: "Mashati ya marehemu mume wangu nimeyakata vipande vya mraba, elfu moja na tisa. Nataka blanketi, lakini kila nikipanga, safu hazilingani."

"Hazitalingana, mama. Namba hiyo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Toa kimoja, utapata safu ishirini na nane za thelathini na sita."

Hesabu imekwisha, muuguzi akawaza, sasa naweza kulala kweli.

Mshonaji akafungua mfuko, akammwagia mwalimu vipande mapajani. "Haya, mwanangu. Nitolee wewe."

Treni iliposimama, mwalimu alikuwa bado anageuzageuza cha kwanza, chenye doa la chai.