Honoré Cirhuza, aliyeipa televizio mugongo

Padri wetu, wakubwa wa kartie, wenzake wa kazi, majirani wa avenue, maman Emérence na watoto, tulitaje kwanza jina la Bwana, kwa sababu Ijumaa asubuhi marehemu alikunywa chai kwake, akamwambia muke wake asifunge dirisha la salon, na leo Jumatatu, tarehe 15 septemba 1986, tumesimama mbele ya sanduku lake, na akili zetu hazijafika hapa. Familia imemupa kazi ya kusoma mudogo wake, Polycarpe Bisimwa, fundi wa nguo, aliyeishia darasa la sita, mumuvumilie kwa maandishi yake, na kwa neno lingine mutakalolisikia mbele.

Honoré Cirhuza alizaliwa Kavumu tarehe 3 machi 1941, mutoto wa kwanza wa papa Aloys, mulimaji, na maman Agathe, ambao wote wawili wametangulia. Alibatizwa Honoré, jina ambalo tangu mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya kizungu, karatasi zake zililiacha mulangoni, likabaki kanisani na nyumbani. Alisoma shule ya musingi kulekule Kavumu, toka 1948 mupaka 1954, kisha shule ya walimu hapa Bukavu, akapata diploma mwaka 1960, akatumwa kufundisha Luvungi, kule kwenye joto, miaka kumi na tatu, na wanafunzi wake wanakumbuka kwamba alimwambia mumoja wao aandike ubaoni, yeye akaligeukia darasa, akisema kwamba ubao anaujua, kile asichokijua ni nyuso.

Tarehe 16 aprili 1966, Jumamosi ya baada ya Pasaka, alifunga ndoa takatifu huko Minova na Emérence Nabintu, Mungu akawapa watoto wanne, Françoise, Benoît, Lucien na Colombe, wote wako hapa, na mutatusaidia kuwashika.

Mwaka 1973 alipelekwa Kinshasa kujifunza kazi ambayo sisi wengine hatukuielewa, kazi ya kuchunguza namna watu wanavyoipokea radio na televizio majumbani mwao, akarudi mwaka 1976, akaingia katika Centre Mwangaza, biro ya vyumba viwili, ndimo alimofanya kazi mupaka siku ya mwisho. Televizio aliinunua mwaka 1979, na hapo avenue nzima ilishangaa, kwa sababu aliweka kiti chake karibu kabisa na kioo, akakipa kioo mugongo, akakaa anatuangalia sisi tunaoangalia, cahier ya kuandikia juu ya goti. Maman Emérence alizoea kusema kwamba mume wake ndiye mwanaume pekee wa Bukavu mwenye televizio ambaye hajaona hata goli moja, yeye akajibu kwamba ameyaona yote, kwenye uso wa Benoît.

Wengi wenu mulikuwa katika salon ile, mutakumbuka kwamba maman Domitille, mujane wa mulango wa pili, hakukubali musomaji wa habari amusalimie bila jibu, kila jioni alimwambia, "Bonsoir, papa. Lakini hapa kwetu maji haiyafika, leo siku ya tatu." Sisi tulicheka mupaka machozi, marehemu hakucheka, aliandika. Alisema kwamba watu wa Bukavu hawaangalii televizio, wanazungumza nayo, ila yenyewe ndiyo haina masikio, na toka siku ile hamu yake ya maisha ikawa moja, kuifanya televizio isikie na ijibu.

Sasa tunafika mwaka 1981, na hapa musomaji anaomba nguvu. Mwezi wa mei marehemu alipita nyumba kwa nyumba na karatasi zilizopigwa kwa mashine, juu yake neno moja la Kifaransa, ENQUÊTE, ambalo kwa watu wa biro ni uchunguzi wa masomo, na kwa sisi wengine ni ile kazi inayoanza na swali mulangoni na kumalizikia gerezani, na swali lenyewe lilikuwa hili, televizio inaposema, wewe unajibu nini. Nyumba arobaini na mbili zilirudisha karatasi, na zote arobaini na mbili ziliandika jibu moja, tunapiga makofi. Alizisoma huku anacheka, halafu akaacha kucheka. Kuanzia juma lile salon yake ilibaki tupu, watu walinyamaza alipopita, ikasemwa kwamba yeye ni mutu wa usalama, na kwamba kiti kile aliambiwa akigeuze ili atuandike vizuri. Maman Domitille peke yake ndiye aliyeendelea kuja, akisema kwamba kama ni kufungwa, gerezani labda kuna maji.

Papa Edouard, mukubwa wa avenue, alikuja siku moja kwa Polycarpe, huyu anayewasomea, akamuuliza polepole kama habari ile ni ya kweli. Polycarpe alijua kwamba ni uongo, maana cahier zile alizisoma, ndani yake hamukuwa na kitu zaidi ya salamu na vicheko vyetu, lakini alijibu kwamba mambo ya yaya wake, kaka yake mukubwa, ni ya juu, heri tuyaache. Alijibu hivyo kwa sababu tangu uvumi uanze watu walimuogopa yeye pia, hakuna aliyemupita kwenye musitari wa bomba, na Jumamosi hakuna aliyekuja kumwita salongo, ile kazi ya lazima ya wote, wenzake walizibua mifereji, yeye akashona nguo zake kivulini, miaka mitano. Mwaka 1983 marehemu alimwambia, "Wewe wanakuamini, uwaambie." Polycarpe aliahidi, na hakuwaambia.

Marehemu hakutuchukia, alifuta neno lile ENQUÊTE, akaandika juu ya karatasi zake Mazungumzo, akakusanya yale ambayo maman Domitille na wachache wengine walikubali kusema, na mwezi wa juni mwaka huu akaituma barua Kinshasa kwa ndege ya Kavumu, akiomba mutangazaji awajibu watu wa avenue yetu, kwa majina yao, katika kipindi cha Jumapili saa kumi. Alingoja. Ijumaa tarehe 12 alikwenda posta kuangalia boîte ya barua, akaanguka kwenye ngazi, akapelekwa hospitali, waganga wakasema kwamba mushipa wa kichwa umepasuka, saa saba akakata roho, bila ugonjwa, bila kuaga.

Jana Jumapili mulikuwa kwenye matanga, televizio ilikuwa imefunikwa kitenge, na saa kumi Colombe aliomba tuifunue, kwa kuwa papa yake angetaka kujua kama barua imejibiwa. Munajua kilichotokea, mutangazaji alishika karatasi, akasoma jina la avenue, kisha akasema kwa Kiswahili, "Maman Domitille, bonsoir. Tumesikia habari ya maji." Maman Domitille, ambaye hakushindwa kujibu hata jioni moja, safari hii alikiangalia kile kiti tu. Papa Edouard ndiye aliyegeuka akauliza mbele ya watu, "Polycarpe, ulikuwa unajua kwamba ile habari ya usalama ni uongo?" Polycarpe aliinama, akajifanya analia, wakamuacha.

Leo, mbele ya padri na ya sanduku, anajibu. Alikuwa anajua. Anamuomba msamaha maman Emérence, watoto, na ninyi mulioogopa bure mutu aliyewapenda. Cahier zote ziko juu ya meza nyumbani, kila mutu aje asome kilichoandikwa juu yake, na Jumamosi, papa Edouard, uanze kumwita Polycarpe kabla ya wengine.

Familia inawashukuru waganga na ma-sœurs, masista wa hospitali, waliohangaika naye masaa manne, wenzake wa Centre Mwangaza walioleta sanduku, vijana waliomubeba toka posta, na majirani, ambao toka Ijumaa wamejaa tena katika salon ile.

Yaya Honoré, televizio imejibu, na mudogo wako amejibu, akiwa amechelewa. Ulale sasa kwa amani ile tuliyokunyima, kiti chako hatutakigeuza.