Ndugu Mia Tatu Si Hadhara

Njoo, Emna, kaa hapa kitandani upande wa dirisha, na wewe Nizar acha kusimama mlangoni kama karani anayesubiri sahihi, vuta kiti ukae, maana leo nazungumza mimi, na pumzi niliyonayo haitoshi kusema jambo moja mara mbili. Sikilizeni, wanangu. Daktari aliwaambia mambo yake kule koridoni hospitalini akidhani sisikii, kana kwamba hajui kwamba kazi yangu kwa miaka arobaini ilikuwa kuzisaka sauti zilizopotea nyuma ya kuta. Emna, usilie. Nina miaka sabini na miwili, nimezaa watoto wawili wenye akili, nimepanda mizeituni ikazaa, na asubuhi hii nimeamka nikicheka peke yangu mpaka yule muuguzi anayenijia hapa nyumbani akaniuliza kama nimeongezewa dawa.

Tuyamalize kwanza ya mali yasije yakatukalia kichwani. Nyumba hii na bustani yote ya lozi ya kilomita ya tisa kutoka mjini ni ya Emna, kwa sababu ndiye aliyebaki humu kunitunza. Mizeituni ya Agareb ni ya Nizar, na asiikate ile mizee eti haizai, marehemu baba yenu aliikuta hivyo na ikatulisha. Mkiona katika mgawanyo huu lisilolingana na sheria ya dini, kaeni na sheikh alisawazishe, mimi nimeridhia.

Hataza zangu ni tatu, karatasi zile za serikali zinazosema kitu hiki kakibuni Radhia na mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Ya kwanza ni ya mashine ya kupasulia lozi bila kuvunja kiini, ambayo inafanya kazi vizuri kabisa na hakuna aliyeinunua, kwani wanawake wa Sfax waliizunguka, wakaishika, wakaniambia, "Nzuri, Radhia, lakini jiwe halili umeme." Hiyo achieni wajukuu waichezee. Ya pili ni ya kichujio cha mafuta, muda wake umekwisha zamani na kila kinu mjini kinakitumia, nami nikipita nikakisikia kinanguruma nafurahi kama mtu aliyemsikia mwanawe akisoma darasani. Ya tatu, ya redio inayokusanya mwangwi, ndiyo iliyonifanya niwaite.

Nizar, najua keshokutwa Jumatatu unakwenda mahakamani na wakili wako kuomba karakana ya Skander ifungwe, kwa kuwa redio anazowatengenezea wafanyakazi wa vinu vya mafuta zinatumia njia yangu ya mwangwi. Unafanya hivyo kwa kunipenda, unataka jina la mama yako lisichezewe kabla hajafa, na hataza ina miaka miwili tu iliyobaki. Mwanangu, nakushukuru. Lakini Skander ni mtoto wa ami yako Mongi, ana mafundi kumi na mmoja wenye wake na watoto, na kesi hiyo ukishinda utakuwa umeshinda kwa uongo wangu. Naam, uongo wangu. Kaa, sijamaliza.

Mnaikumbuka harusi ya Emna? Wewe Emna utaikumbuka vipi, ulikuwa umefunikwa dhahabu huoni hata pua yako! Siku ile bibi yenu Mannoubia, mama yao baba yenu na Mongi, alikuwa chumba cha nyuma, nyonga imevunjika, habebeki, naye alikuwa akiomba Mungu miaka yote amwache hai asikie harusi ya mjukuu wake wa kwanza. Uani kulikuwa na ngoma na watu, na kati ya ua na chumba chake kulikuwa na kuta tatu nene za mawe na yale matangi mawili ya chuma ya maji. Nilijaribu redio ya kawaida ikawa inakoroma tu. Mawimbi yanagonga ukuta, yanagonga tangi, yanafika moja nyuma ya jingine, kila moja likimkanyaga mwenzake. Mafundi wote wakati ule walikuwa wakilipokea la kwanza na kuyafukuza yaliyochelewa. Mimi nilikuwa jikoni nagawa kuskusi, namsikia shangazi yenu akiniambia, "Usiwape wa mbele wakala wote, subiri na hawa wa nyuma wafike," nikaacha mwiko palepale. Kwa nini nayafukuza? Si ni sauti ileile? Nilishike la kwanza, nilisubirishe kidogo tu, ya nyuma yakifika niyapange yote sambamba na kuyajumlisha, na sauti itakuwa na nguvu kuliko kama ukuta usingekuwepo.

Nilikuwa na wiki mbili. Nikavunja redio nne za baba yenu, naye akasema tu, "Bakiza moja ya taarifa ya habari." Kasha la kuzuia kelele za umeme nililikata kutoka kwenye chungu chetu cha kuskusi cha bati, kile chenye matundu, na ndipo ami yenu Mongi alipoliona mbele ya wageni akapaza sauti, "Jamani, njooni mumwone shemeji yangu, injinia wa masufuria! Harusi itapikwa au itarushwa hewani?" Watu wakacheka, nami nikacheka kwa meno, moyoni nikaliweka.

Ikafika saa ya kuruka samaki, ile desturi yetu Wasfax ya maarusi kumruka mara saba wapate baraka. Yule samaki mkubwa amelala kwenye sinia, Emna na mumewe wanamruka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na walipotua ya saba kikatoka kwenye kasha langu la uani, lililokuwa na mwenzake kitandani kwa bibi yenu, kigelegele kirefu, chembamba, kisafi, cha bibi yenu kutoka chumba cha nyuma. Halafu akasema kwa sauti yake ileile ya kugombeza, "Emna! Nimekusikia umetua na mguu wa kushoto, rudia!" Wanangu, wanawake wote walimjibu kwa vigelegele mpaka ndege wakahama kwenye mlozi, na Emna akaruka mara ya nane, sijui kama kuna bibi harusi mwingine Sfax aliyewahi kuruka mara nane.

Na mimi nikalewa furaha. Alikuwepo mgeni mmoja, injinia wa posta na simu, akaniuliza umefanyaje, nami nikachukua hina ya bibi harusi nikamchorea kila kitu kwenye sinia la keki, hapa inaingia, hapa inasubirishwa, hapa zinajumlishwa, nikieleza kama mwalimu, watu wamenizunguka wanapiga makofi. Kila kitu. Sikuficha hata waya.

Mwaka na nusu baadaye ndipo nilipoandika maombi ya hataza. Kwenye fomu kulikuwa na swali: uvumbuzi huu umewahi kuonyeshwa hadharani? Nikajibu hapana, na naapa kwa Mungu nilijibu kwa moyo mweupe. Hadhara gani? Ilikuwa harusi! Walikuwa ndugu! Ndugu mia tatu na majirani, lakini ndugu. Nani Sfax anaita harusi hadhara? Miaka mitatu ikapita, nikaenda kwenye semina, wakili mmoja akaeleza kwamba kitu kikishaonyeshwa kwa watu kabla ya maombi, hata kwa kumi tu wasioapishwa kutunza siri, hataza yake haina mashiko. Akatoa mfano wa karamu. Juisi ilinipalia.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, kwa sababu nilijua na nikanyamaza. Wakati huo cheti kilikuwa kimeshatundikwa sebuleni, na siku ya Idi nilikuwa nimemwambia Mongi mbele ya watu, "Soma kwa sauti, wewe mwenye mdomo," naye akakisoma mpaka mwisho, akasema, "Kizuri, lakini hakijui kupika," na tangu siku hiyo hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake isipokuwa kwenye misiba. Skander alipokua akaja mwenyewe, kijana wa watu mwenye adabu, akaniambia, "Mama mkubwa, niruhusu niitumie njia yako, nitaandika jina lako kwenye kila redio." Nikamkatalia. Nilimkatalia kwa sababu ya mdomo wa baba yake, na karatasi niliyomkatalia nayo nilijua ni tupu.

Emna, na hili ni lako, na ndilo linaloniuma zaidi. Kanda ya harusi yako haikuharibiwa na maji. Niliichoma mimi kwenye tanuri la mkate, kwa sababu sinia la hina lilionekana humo na tarehe iko chini ya picha. Ulilia siku mbili, nami nikakupikia asida ya zabibu, ule uji mzito mtamu, nikijifanya nakupoza. Nisamehe, binti yangu. Nipe mkono. Hivyo hivyo, ubane.

Sasa mtauliza kwa nini nacheka. Jumatano iliyopita, siku ya pili ya Idi tulipotoka hospitali, Nizar alipokuwa kwa wakili wake na Emna sokoni, mlango uligongwa, akaingia Mongi na bakuli la sharmula, ule mchuzi wetu wa Idi wa vitunguu na zabibu, na samaki wa chumvi. Amezeeka, kiuno kimepinda, mdomo haujapinda hata kidogo.

"Najua umekatazwa chumvi, shemeji," akasema, "nimekuletea unuse."

Nikamwambia, "Umekuja kuniomba mwanao asifungiwe."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kukuaga, na nimwone injinia wa masufuria kabla hajaondoka." Akaketi hapo ulipoketi wewe, Nizar. Kisha akasema polepole, "Radhia, wewe na mimi tunajua hataza ile haisimami."

Nikajiinua kwenye mto. "Umejuaje?"

"Kamera ya harusi aliishika nani? Jini? Nilikuja nayo mimi kutoka Marseille! Nyie niliwapa nakala. Ile yenyewe ninayo, miaka ishirini ipo kabatini."

Nikamtazama mtu huyu niliyemwita adui. Tangu nilipomdhalilisha mbele ya cheti, tangu nilipomfukuza mwanawe, angeweza kutoa kanda ile asubuhi moja tu na mimi nikawa kichekesho cha nchi nzima. Nikamuuliza kwa nini hakumpa Skander.

Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mle ndani yumo mama," akasema. "Anapiga kigelegele. Ndiyo sauti yake pekee niliyo nayo. Kila Idi naisikiliza peke yangu. Sasa niipeleke mahakamani, mawakili wamsimamishe mama katikati ya kigelegele wabishane tarehe? Bora karakana ifungwe."

Ishirini, wanangu. Miaka ishirini alikuwa na fimbo ya kunichapia akaitumia kusikiliza sauti ya mama yake, sauti ambayo kifaa changu ndicho kilichoitoa ukutani. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, wala hakuna cheti kinachoweza kuiandika. Tangu Jumatano nimejaa furaha, inanimwagika. Lakini mimi mwenye maneno mengi sikuweza kumwambia neno moja, nikamwambia chai inapoa, akanywa, akaenda zake.

Sasa shikeni... ngoja nipumue. Maji. Asante.

Shikeni ninayowaambia. Nizar, kesi iondoe, usingoje Jumatatu asubuhi. Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu kwa ofisi ya hataza, nimeiandika kwa mkono wangu, inasema lini nilikionyesha kifaa na kwa nani, ipeleke wewe mwenyewe na usione aibu. Cheti kishusheni. Skander mwambieni njia ni yake na ni ya yeyote, na asiandike jina langu, akitaka aandike la bibi yake. Emna, kanda ya ami yako kaombe nakala, ukaione na mumeo na watoto. Nizikeni karibu na baba yenu, waombolezaji wapeni kahawa nzuri, si ile ya kubania, wasije wakasema Wasfax hata msiba tunaupunja. Na msinililie kwa kelele... mimi sauti nazipata... zikiwa ndogo tu.

Mungu awape mkate wa halali. Awape ndugu wanaowasumbua, maana nyumba bila wao ni kimya mno. Awape... kucheka mkiwa wazee. Nimewaridhia nyote wawili, duniani na akhera, nimeridhia.

Nizar, unampigia nani? Mongi? Hapana, mwanangu, usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Ipe hapa. Niwekee... sikioni. Inaita.

Haloo? Shemeji... Ni mimi, Radhia. Nisamehe.